Jiko la kuchomea lililomrudisha Mama uani

KWETU mbuzi hachomwi jikoni. Anachomwa uani, chini ya mwembe, na familia nzima inauzunguka moto: watoto wanagombania ini, wazee wanasimulia mambo ya Karagwe, na mwenye zamu ya kuchoma anapepea makaa huku machozi yakimtoka. Ndivyo tulivyoishi ugenini nchini Tanzania, na ndivyo tulivyorudi nyumbani Rwanda.

Kwa miaka mingi mchomaji alikuwa Mama. Sasa amepita miaka sabini na tano, na miaka mitatu iliyopita kifua kilianza kumsumbua. Daktari aliyempima alimwuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mama, umepika kwa kuni miaka mingapi?" Mama akahesabu kwa vidole, akachoka, akasema, "Tangu nilipoweza kubeba chungu." Daktari akatueleza kwamba mapafu yake yamechoshwa na moshi, akaandika dawa ya kuvuta, kisha akatoa sharti moja: asikae tena karibu na kuni wala mkaa.

Dawa tuliipata. Sharti ndilo lililotushinda. Siku za kawaida mke wangu hupika ndani kwa jiko la gesi la plate mbili na hakuna tatizo. Lakini Jumapili ndugu wanapokuja, mbabura inatolewa uani, mkaa unawashwa, na Mama anabaki sebuleni peke yake, madirisha yamefungwa, analetewa sahani kama mgonjwa wa wodini. Siku moja mjukuu wake alimwuliza, "Bibi, mbona hukai na sisi?" Akajibu, "Moshi umenifukuza."

Ndugu msomaji, maneno hayo yaliniuma. Mama alivuka mto Akagera akiwa mtoto, akikimbia. Alirudi kuuvuka mwaka 1996, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, akiwa na mikeka miwili na sufuria tatu kichwani. Mtu aliyefukuzwa na mengi kiasi hicho hakustahili kufukuzwa na mkaa katika nyumba yake mwenyewe.

Wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wengi wetu tuliokulia ugenini tuna mama, shangazi au dada mwenye kikohozi kisichoisha, na tumezoea kusema ni baridi.

Basi nikaanza kutafuta jiko la gesi la kuchomea nyama, lile la kusimama uani, lenye kifuniko na wavu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Kwa moto nakataa, na nitaeleza kwa nini, maana niliponunua bila kuchagua nusura nimpoteze mtoto.

Kosa la kwanza

Jiko la kwanza nililinunua kwa macho. Nililikuta katika soko la mpakani, limepangwa katikati ya redio na feni. Liling'aa hata mtu angeweza kujichania nywele mbele yake. Lilikuwa na vichomeo vinne, kipimajoto juu ya kifuniko, magurudumu mawili, na bei iliyokuwa nusu ya bei nilizozisikia Kigali. Nilipouliza linatumia regulata ya namna gani, muuzaji alinijibu, "Mwalimu, gesi ni gesi." Nikalipa.

Gesi si gesi, na hilo nimejifunza kwa gharama. Tulipofika Kayonza, mpira wa jiko haukuingia kwenye regulata yetu. Fundi wa mtaani akaulazimisha, akaufunga kwa waya. Moto ukawaka wa njano badala ya buluu, na mishikaki ikatoka na masizi kama iliyochomwa kwa tairi. Mvua za masika zilipoisha, mabomba membamba ya vichomeo yalikuwa yameoza kwa kutu. Moto ukaanza kutokea chini, karibu na swichi, na swichi mbili za plastiki zikayeyuka.

Hata hapo sikulitupa. Nilisema nitaliuza vyuma mwezi ujao. Kabla ya mwezi kwisha, mwanangu mwenye miaka kumi na minne aliamua kunisaidia. Akafungua gesi huku kifuniko kimefungwa, akahangaika kutafuta kiberiti, kisha akafunua na kuwasha. Gesi iliyokuwa imejaa chini ya kifuniko ikalipuka kwa mshindo mmoja. Nyusi zote ziliungua, na ngozi ya paji la uso ikababuka. Namshukuru Mungu macho yalisalimika.

Mtu wa kwanza kufika uani alikuwa Mama, mbio, bila dawa yake mkononi. Alipoona mtoto yuko hai alikaa chini, akatafuta pumzi muda mrefu, kisha akasema: "Rudisheni mkaa. Mkaa unaniua polepole. Hilo litaua mtoto leo."

Usiku ule tuliongea kwa simu ndugu wote. Dada yangu mkubwa aliyebaki Dar es Salaam alisema atachangia, kwa sharti kwamba safari hii nisinunue peke yangu. Kaka yetu anayeishi Ujerumani akasema tusihangaike, atatuma jiko lake kwa meli, la vichomeo sita, la daraja la juu kabisa. Mimi nikaenda kumwona mwalimu mwenzangu wa fizikia. Yanayofuata ni yale niliyojifunza kwake, kwa mafundi wawili wa gesi, na kwa makosa yangu.

Anza na mtungi, si na jiko

Watu wengi huchagua jiko kwanza, kisha wanatafuta mtungi wa kulitosha. Inatakiwa kinyume chake. Jiko utalinunua mara moja, lakini mtungi utaubadilisha miaka yote. Kwa hiyo jiulize: karibu na nyumbani kwangu inauzwa mitungi ya kampuni zipi, ya kilo ngapi, na kichwa cha vali yake kina kipimo gani? Vali zinafanana kwa macho, lakini zipo za milimita 20, 21, 22 na hata 27. Regulata ya milimita 22 haikai kwenye vali ya 20, na fundi anayekuambia "itaingia tu" huyo mkimbie.

La pili ni shinikizo. Regulata huishusha gesi kutoka shinikizo kubwa la mtungini hadi dogo linalofaa jiko. Regulata yangu imeandikwa milibar 30. Jiko la kaka yangu, kwa kuwa lilitengenezwa kwa soko la Ujerumani, lilikuwa limeandikwa milibar 50 kwenye kibati cha nyuma. Nozeli, yaani vile vitundu vinavyopuliza gesi kwenye kichomeo, zilikuwa zimetobolewa kwa shinikizo hilo. Mwalimu wa fizikia alichukua kalamu akapiga hesabu: kwa regulata ya milibar 30, jiko lile lingetoa gesi pungufu kwa karibu robo. Lingekuwa jiko la bei kubwa lenye moto wa mshumaa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jiko la milibar 30 likifungwa regulata ya 50, moto unazidi kipimo.

Lipo pia jambo la gesi asilia. Dar es Salaam zipo nyumba zilizounganishwa na bomba la gesi inayotoka Songo Songo. Gesi hiyo si sawa na ya mtungini. Jiko lililotengenezwa kwa gesi asilia lina nozeli zenye matundu makubwa zaidi, na ukiliunganisha na mtungi bila kubadili nozeli unaalika ajali. Kwa hiyo unapopewa jiko na ndugu wa ng'ambo, kabla ya kushukuru soma kibati. Kiandikwe gesi ya mtungi, propeni au buteni, na shinikizo linalolingana na regulata ya kwako. Kaka yangu alielewa. Akabaki na jiko lake, akatuma pesa.

Joto, si wingi wa swichi

Vichomeo vinne vya jiko langu la kwanza vilinidanganya. Kilicho muhimu ni nguvu ya joto ikilinganishwa na ukubwa wa wavu. Majiko ya Kimarekani hupima kwa BTU, ya Ulaya kwa kilowati. Kilowati 1 ni karibu BTU 3,400 kwa saa. Namba kubwa kwenye jiko lenye mabati mepesi inamaanisha gesi nyingi inayopasha hewa ya uani. Jiko zito lenye kifuniko kinachokaa vizuri hutunza joto, likachoma kwa gesi kidogo.

Kwa familia ya watu wanane hadi kumi, vichomeo vitatu vinatosha. Viwili ndiyo kima cha chini, kwa sababu nyama ya mbuzi inahitaji pande mbili za moto: upande mkali wa kuipa rangi, na upande wa taratibu wa kuivisha ndani. Paja la mbuzi lenye mfupa ukiliweka juu ya moto mkali mwanzo hadi mwisho, nje litakuwa mkaa na ndani damu. Jiko la kichomeo kimoja halikupi nafasi hiyo.

Hesabu pia gesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban kilowati-saa 12.8 za joto. Jiko la kilowati 10 likifunguliwa lote linakula karibu kilo 0.8 kwa saa. Mimi hulifungua lote robo saa ili wavu upate moto, kisha napunguza hadi nusu. Jumapili moja inanigharimu chini kidogo ya kilo moja, na mtungi wa kilo 12 unanipitisha zaidi ya miezi mitatu ya Jumapili. Usifunge jiko kubwa kwenye mtungi wa kilo 3. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa hupoza mtungi, na mtungi mdogo ukinyonywa kwa kasi huwa baridi, moto ukafifia wakati nyama haijaiva.

Na sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Jiko lililowekwa sawa pwani linaweza kuwaka njano huku. Majiko mengi mazuri yana kifuniko kidogo cha hewa kwenye shingo ya kichomeo. Fundi anakifungua kidogo hadi moto urudi kuwa buluu. Ukiona jiko halina mahali pa kurekebisha hewa, uliza kabla ya kulipa.

Beba sumaku

Siku niliyokwenda Kigali kutafuta jiko la pili nilikuwa na sumaku ndogo mfukoni, iliyotolewa kwenye spika mbovu. Muuzaji mmoja alicheka. Wa pili hakucheka, akaniambia, "Mwalimu, wewe umeshaungua." Nikamwambia, si mimi, ni mwanangu.

Vyuma visivyoshika kutu vina madaraja. Daraja la 304, linaloitwa pia 18/8, hustahimili mvua na chumvi vizuri, na kwa kawaida sumaku hailishiki. Daraja la 430 sumaku hulishika. Si chuma kibaya, lakini kutu hulifikia mapema zaidi likiachwa nje. Ila sumaku haimalizi kila kitu. Lipo daraja la 201, la bei nafuu, ambalo sumaku nalo haliishiki na bado linashindwa na 304 kwa kutu. Kwa hiyo baada ya sumaku, omba kitabu cha jiko uone daraja limeandikwa. Kisha bonyeza bati la kifuniko kwa kidole gumba. Likibonyea kama kopo la nyanya, limekujibu. Sanduku la alumini nzito iliyomiminwa nalo ni zuri, maana alumini haioti kutu kama chuma.

Pale ambapo chuma kizuri kinahitajika kuliko kote ni kwenye mabomba ya vichomeo, kwa sababu hayo ndiyo hufa kwanza. Mng'aro wa kifuniko ni wa wageni; kichomeo ndicho kinachobaki na wewe. Watengenezaji wakubwa hutoa waranti ya hadi miaka 10 au zaidi kwa vichomeo, lakini waranti ina mipaka. Iliyoandikwa Ulaya haitakusaidia Kayonza ikiwa hakuna wakala hapa. Mimi niliwauliza wauzaji swali moja: "Kichomeo kikifa, unacho kingine stoo? Nionyeshe." Maduka matatu yalisema wataagiza. Moja lilifungua boksi likanionyesha. Nikanunua hapo.

Wavu nao uuchague kwa uvivu wako. Wavu wa chuma kizito cha kumiminwa unatunza joto na kuipa nyama mistari mizuri, lakini usipoupaka mafuta kila baada ya kutumia utashika kutu. Uliopakwa enameli unasafishika kwa urahisi hadi siku enameli itakapobanduka. Nondo nene za chuma cha 304 hazihitaji matunzo mengi. Kwetu, ambako kila mtu anaosha na hakuna anayepaka mafuta, nilichukua nondo.

Mafuta yanadondokea wapi?

Wengi huuliza kama nyama ya gesi ina ladha. Mjomba wangu, mkaidi wa mkaa, alisema hatakula "nyama ya kuchemshwa kwa hewa". Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ladha ile tunayoipenda haitoki kwenye mkaa wenyewe. Inatoka kwenye mafuta na maji ya nyama yanayodondoka juu ya kitu cha moto, yakageuka mvuke, yakairudia nyama. Mkaa ukishakolea una harufu kidogo sana.

Waliounda majiko haya Marekani walilijua hilo. Zamani waliweka mawe ya volkano chini ya wavu ili mafuta yadondokee hapo. Tatizo ni kwamba mawe hunyonya mafuta, siku moja yakawaka yote kwa pamoja. Mwaka 1985 kampuni ya Weber ilitoa jiko la Genesis ambalo badala ya mawe lilikuwa na vyuma vilivyokunjwa kama paa la nyumba juu ya vichomeo. Mafuta yakigonga paa hilo mengine yanageuka mvuke, mengine yanateleza hadi kwenye trei. Kichomeo kinabaki kimekingwa. Leo majiko mengi mazuri, ya kampuni mbalimbali, yana mpango huo.

Kwa hiyo ukiwa dukani nyanyua wavu, chungulia chini. Je, kila kichomeo kina paa lake? Je, sakafu ina mteremko? Je, trei ya mafuta inachomoka kwa mkono mmoja? Kama mafuta yanabaki ndani bila njia, hilo ni jiko la kuwasha moto usioutaka.

Hapa kuna jambo moja la kweli ambalo wauzaji hawalisemi. Jiko la gesi halina moshi wa kuni, lakini mafuta yakidondoka moshi kidogo upo. Nilimrudia daktari wa Mama nikamweleza. Akasema ni nafuu kubwa kuliko mkaa, ila tukate mafuta ya ziada kwenye nyama na kiti cha Mama kiwe upande upepo unakotoka. Tumefanya hivyo.

Kwa wanaovuka mpaka

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanapita Rusumo, Kabanga, Mutukula na Gatuna kila wiki, na wengine wameshaniuliza kama majiko haya ni biashara. Inaweza kuwa. Lakini jueni mawili.

Kwanza, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Jiko lililotengenezwa China halibadiliki kuwa la Tanzania kwa sababu lilinunuliwa Kahama au Kariakoo. Anayekuahidi vinginevyo anakutafutia kesi. Uliza ushuru kwa maofisa wa forodha kabla ya kufunga mzigo, na shika risiti.

Pili, msibebe mitungi kwa matumaini. Mtungi wa kilo 15 wa kampuni ya upande mmoja unaweza kukosa mtu wa kuubadilisha upande wa pili, ukabaki pambo. Na wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira, nyuma ya nyumba, wanacheza na uhai wa mtaa mzima. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kupotea. Inatambaa chini, inatulia kwenye shimo au kona, inasubiri cheche.

Kabla ya kuwasha

Nimebandika karatasi hii ukutani, na mwanangu ndiye aliyeiandika kwa mkono wake:

Jiko likae nje, mbali na ukuta na kamba ya nguo, kamwe lisiingizwe ndani wala barazani palipofungwa. Kila unapobadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye vali, regulata na mpira. Povu likitokea, funga. Angalia mpira kama una mipasuko au umepita tarehe iliyoandikwa juu yake. Fungua kifuniko kwanza, ndipo ufungue gesi, na washa hapo hapo. Likikataa kuwaka, funga gesi, subiri dakika tano kifuniko kikiwa wazi. Ukimaliza, funga mtungi kwanza ili gesi iliyobaki kwenye mpira iungue, kisha funga swichi.

Hakuna gharama katika hayo. Ningeyajua mapema, mwanangu asingekaa wiki mbili na bandeji.

Jumapili ya kwanza

Jiko tulilochagua lina vichomeo vitatu, kifuniko kizito na miguu isiyotikisika. Halikuwa kubwa kuliko yote dukani wala halikuwa la kung'aa zaidi. Bei yake ilizidi mishahara yangu ya miezi mitatu, na bila ndugu zangu nisingeliweza. Wapo watakaosema mwalimu ameanza anasa. Nilijiuliza hilo pia. Kisha nikajumlisha bei ya jiko la kwanza lililooza, dawa za mtoto na magunia ya mkaa ya mwaka, nikaona kwamba anasa ilikuwa lile la bei rahisi.

Jumapili ya kwanza Mama alikataa kutoka. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akamtazama mjukuu wake akipaka maji ya sabuni. Mtoto alifungua kifuniko, akafungua gesi, akawasha. Moto wa buluu ukatoka bila sauti. Mama akasubiri. Mke wangu akapanga mishikaki upande mmoja na ndizi upande wa pili. Dakika kumi zikapita, Mama bado mlangoni.

Kisha akasema, "Hiyo ya pembeni inaungua. Hamwoni?"

"Mama, ipi?" nikauliza, ingawa niliiona.

"Ah!" Akavuta kiti cha plastiki mwenyewe. Mjukuu akamwonyesha upande wa upepo, akakaa. Mjomba, ambaye hangekula nyama ya hewa, alikula mishikaki minne na hakutaja habari ya mkaa.

Mama hakukohoa jioni ile. Sisemi amepona, mapafu yaliyovuta moshi miaka sitini hayaponi kwa jiko, na dawa yake bado iko kwenye mkoba wake. Ila kila Jumapili sasa anakaa nasi hadi giza linapoingia. Msomaji, ukitaka kununua jiko la namna hii, nenda na sumaku, soma kibati, uliza kichomeo cha akiba, na kumbuka unamnunulia nani.

Juzi nilichelewa kugeuza, nikiwa nasimulia habari za shule. Nikasikia sauti nyuma yangu, kali kama ile ya Karagwe: "Geuza nyama, Mwalimu, utaongea baadaye."

Nikageuza.